Madeni ya kadi hapa Marekani: nipo na mshauri wa madeni mwaka wa tatu sasa, njooni niwaeleze

Mwana wa Ukerewe, mleta uzi

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu ya aibu. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kwetu hapa Columbus, Ohio, alinipigia simu saa tano usiku akiniomba dola 300. Alitaka kulipia kadi, maana ile kadi nyingine aliyokuwa akiitumia kuilipia hii imejaa. Nilikaa kitandani nikajiona mimi mwenyewe mwaka 2022. Nimeona bora niandike.

Nilifika Marekani 2014. Kazi ghalani, zamu ya usiku. Benki ikanipa kadi ya mkopo, kisha ya pili, na kufikia 2022 nilikuwa nazo tano. Sikununua gari la kifahari na sikuwa mtu wa starehe. Baba aliugua figo, akawa anasafishwa damu Mwanza. Aliyewahi kupokea simu ya namna hiyo anajua kwamba pale huulizi salio, unatuma. Kodi ya nyumba nikawa nalipa kwa kilichobaki, chakula na mafuta ya gari nikaweka kwenye kadi. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo, na uliofuata. Baba alifariki, Mungu amrehemu. Deni likabaki.

Jumla ilikuwa dola 18,400, riba kwa wastani asilimia 24 kwa mwaka. Piga hesabu: riba peke yake ni dola 368 kwa mwezi. Kima cha chini nilichotakiwa kulipa kwenye kadi zote kilikuwa kama 552, kwa hiyo katika kila 552 niliyotoa, deni lenyewe lilipungua dola 184. Na hizo 184 nilizirudisha kwenye kadi kabla mwezi haujaisha, kwa sababu nilikuwa nimebaki mtupu. Bahasha za benki nilikuwa nazitia kwenye droo ya jikoni bila kuzifungua. Mke wangu alijua kuhusu kadi mbili tu.

Aliyenielekeza ni mama mmoja Mmarekani tuliyekuwa naye zamu moja. Aliniambia kuna ofisi za ushauri wa madeni zisizoendeshwa kwa faida, na yeye zilimtoa. Nilidhani ni matapeli. Nikapiga simu hata hivyo.

Kikao cha kwanza kilikuwa bure, kilichukua saa moja na nusu. Mshauri alivuta ripoti yangu ya mikopo, akataka mapato baada ya makato, kisha akaanza matumizi moja moja: kodi, umeme, bima ya gari, chakula, simu. Hesabu ikagoma. Kwa karatasi ile nilipaswa kuwa nabaki na pesa kila mwezi. Akaniuliza taratibu: kuna pesa inatoka ambayo hujaitaja? Nikasema natuma nyumbani. Kiasi gani? Wakuu, sikujua. Miaka yote ile sikuwahi kujumlisha. Kichwani mwangu ilikuwa kama 300 hivi. Tukafungua simu, tukasoma risiti za miezi sita: wastani wa dola 610 kwa mwezi. Baba alikuwa ameshafariki wakati huo. Ilikuwa ada za wadogo, michango ya harusi, bati za nyumba ya shangazi, mtu amelazwa, mtu kafukuzwa kwenye chumba.

Nilitegemea aniambie niache. Hakusema hivyo. Alisema hii iandikwe kama kodi ya nyumba, iwe na kiwango chake na tarehe yake, maana kinachoniumiza ni kwamba kila mara inaingia kama dharura. Tukaweka 350. Usiku ule nikampigia mama na kaka mkubwa, nikawaambia ukweli wote na kiwango changu. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mbona hukusema?"

Kisha mpango wenyewe. Ofisi iliandikia benki zote tano, riba ikashushwa hadi wastani wa asilimia 8. Nalipa dola 373 kwa mwezi kwa miaka mitano, pamoja na 35 ya ofisi. Jumla 408, yaani chini ya kile kima cha chini nilichokuwa nikihangaika nacho. Natuma malipo mara moja, wao wanagawa kwa benki. Leo nipo mwezi wa 31 na limebaki dola 9,800 na kidogo.

Msielewe vibaya: hakuna senti ya deni lenyewe iliyofutwa. Kadi zote zilifungwa, mikopo mipya hairuhusiwi, na ukikosa malipo benki inaweza kurudisha riba ya zamani. Alama zangu za mkopo, zile ambazo benki huzitazama kujua kama unaaminika kulipa, zilishuka mwanzoni kwa sababu ya kadi kufungwa, zikaanza kupanda baada ya mwaka hivi.

Msimamo wangu ni huu: huduma hii inamsaidia mtu ambaye mshahara wake unatosha kulipa deni lakini riba inamla. Mshahara wenyewe hawauongezi. Wenye uzoefu tofauti karibuni, nataka kusikia.

Dereva wa Masafa

Mkuu pole kwa msiba wa mzee, na hongera kwa kujitoa mbele za watu.

Ila watu waambiwe yote. Hizi ofisi zinalipwa na benki zilezile zinazokudai. Kila malipo unayopitisha kwao, benki inawarudishia asilimia fulani. Sasa mtu anayelipwa na mdai wako, siku ambayo dawa yako halisi ni kufungua shauri la kufilisika ili mahakama ikufutie madeni, atakuambia?

Na hilo neno "si kwa faida" lisiwalaze watu usingizi. Mwaka 2003 tume ya serikali ya biashara, FTC, iliipeleka mahakamani AmeriDebt, ambayo ilijitangaza kuwa si ya faida na kwamba haitozi chochote mwanzoni. Kumbe malipo ya kwanza ya mteja yalikuwa yanabaki kwao, hayafiki kwa mdai. Watu walidhani wamelipa kadi, kumbe wamechelewesha.

Mwana wa Ukerewe

Dereva, hapo upo sahihi na sitabishana. Hilo la kulipwa na benki nililiuliza siku ya kwanza, mshauri akakiri bila kuzunguka. Ndiyo maana nasema uliza. Baada ya zile kesi, mwaka 2006 Bunge la Marekani liliweka masharti mapya ya kodi kwa ofisi zinazotaka kuitwa zisizo za faida, wakati IRS, mamlaka ya kodi ya hapa, ikizifutia hadhi hiyo ofisi kadhaa. Mchujo upo, ingawa mlaghai hakosi njia.

Kipimo nilichotumia mimi: je, walinitaka hela kabla ya kuona karatasi zangu? Hawakunitaka. Je, walikimbilia kuniandikisha kwenye mpango? Walinieleza njia nne kwanza, na kufilisika ilikuwa mojawapo. Ofisi isiyotamka neno kufilisika kabisa, ondoka.

Hesabu Kwanza

Nimezipitia namba za mleta uzi na nina swali. Dola 18,400 kwa asilimia 24, ukishikilia 552 ileile kila mwezi bila kuipunguza na bila kutumia kadi, unamaliza kwa miezi 56. Yaani miaka minne na miezi minane, mapema kidogo kuliko mpango wako wa miezi 60. Kwa nini umtafute mtu wa kati?

Tofauti ipo kwenye gharama, hilo nakubali. Kwa njia ya peke yako riba inafika kama dola 12,200. Kwa mpango, riba ni kama 4,000 na ada ya ofisi 2,100. Umeokoa dola 6,000 hivi. Lakini watu wajue kuwa kinachowazamisha zaidi ni kulipa kima cha chini kinachopungua kila mwezi kadiri deni linavyopungua. Hiyo ndiyo inayovuta deni miongo miwili.

Mwana wa Ukerewe

Mkuu hesabu yako ni safi, na kwa mwenye uwezo wa kushikilia 552 naishauri kabisa. Tatizo mimi 552 sikuwa nayo. Nilikuwa naitoa leo na kuikopa tena Ijumaa. Ile tofauti ya 144 kwa mwezi kati ya 552 na 408 ndiyo iliyonifanya ninunue chakula kwa pesa taslimu mara ya kwanza baada ya miaka.

Kuna kingine ambacho hakimo kwenye hesabu. Nilipokuwa peke yangu na ile droo, sikuweza hata kujumlisha. Ilibidi mtu mwingine akae mbele yangu na kalamu.

Bint Pangani

Nimesoma huu uzi machozi yananilenga. Naomba niongeze jambo, kwa sababu mimi niliingia mlango usio wenyewe.

Kuna ushauri wa madeni, na kuna kampuni za "kumaliza madeni". Kwenye matangazo ya redio zinafanana kabisa. Mimi nilisikia tangazo nikiwa naendesha gari kwenda kazini: lipa nusu ya unachodaiwa. Nilikuwa nadaiwa dola 22,000. Nikapiga, dada ana sauti ya upole sana. Maelekezo yao: acha kulipa kadi zote, weka dola 390 kwa mwezi kwenye akaunti tuliyokufungulia, zikikusanyika tutaenda kujadiliana na benki. Ada yao asilimia 25 ya deni lote nililoandikisha, siyo ya nilichookoa. Hilo lilikuwa kwenye mkataba, sikulisoma vizuri, na hilo najilaumu.

Miezi minane nikaacha kulipa. Riba na faini zikaendelea kukua. Simu za wakusanya madeni zikaanza, hadi kazini. Mwezi wa tisa nikaletewa samansi mlangoni, mwanangu wa miaka kumi ndiye aliyefungua. Niliipigia kampuni, wakaniambia masuala ya mahakama si sehemu ya huduma yao.

Kadi mbili kweli zilipunguzwa. Lakini mwaka uliofuata nikapokea fomu ya kodi, 1099-C: deni lililosamehewa linahesabiwa kama kipato, labda uthibitishe kwamba wakati ule madeni yako yalizidi mali zako. Hakuna aliyeniambia hilo kabla.

Tangu 2010 kanuni ya FTC inazikataza kampuni za namna hii zinazouza kwa simu kuchukua ada kabla hazijamaliza hata deni moja. Yeyote anayekutaka hela mbele kwa simu anavunja kanuni. Kwa hiyo mleta uzi, mimi nasimama upande wako. Ofisi ya ushauri ingenigharimu kidogo na isingenipeleka mahakamani.

Kaka wa Leicester

Nawasoma kutoka Uingereza. Huku kwetu hiyo ada ya dola 35 haipo ukienda kwa shirika la hisani. StepChange wanaandaa mpango wa kulipa bila kumtoza mdaiwa, nao pia sehemu ya fedha zao zinatoka kwa wadai, kwa hiyo lile swali la Dereva linatuhusu hata sisi.

Kilichonisaidia mimi zaidi ni sheria. Tangu Mei 2021, kwa England na Wales, mshauri wa madeni anaweza kukuombea siku 60 za kupumua. Ndani ya siku hizo riba na faini kwenye madeni yaliyomo husimama na wadai hawaruhusiwi kukufuata. Hupati hiyo bila kupitia kwa mshauri. Mimi nilikuwa nimeanza kulala na simu imezimwa. Zile siku 60 nililala.

Mwalimu wa Kondoa

Ndugu zetu wa ughaibuni, nawapa pole. Naomba kuuliza kwa niaba ya sisi tuliobaki nyumbani. Huku mwalimu anachukua mkopo wa benki hadi mshahara unabaki theluthi, kisha anaingia kausha damu, ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa. Mkopeshaji anabaki na kadi yako ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa yeye, anakupa kinachobaki. Mshauri wa madeni angemfanyia nini mtu kama huyu?

Mwana wa Ukerewe

Mwalimu, nitasema ninavyoamini. Mpango wangu ulifanya kazi kwa sababu benki zilikubali kushusha riba, na zilikubali kwa sababu zinajua nikichoka nina haki ya kwenda mahakama ya ufilisi nao wapate kidogo au wakose. Mkopeshaji aliyeshika kadi yako na namba ya siri haogopi chochote. Mshauri hana cha kumshikia.

Kwa hiyo huko naona kazi ya kwanza ni ya sheria. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa simu bila leseni, Novemba 2024, na hiyo ilikuwa hatua. Lakini ile nusu ya kwanza ya ushauri, kukaa na mtu mwaminifu na kuandika kila kitu, SACCOS ya walimu inaweza kuifanya hata kesho. Na ukienda benki ukabadilishe kadi na namba ya siri, mshahara unarudi mkononi mwako. Deni bado utadaiwa, ila utakuwa unalipa wewe.

Jirani wa Kasarani

Kwa Wakenya mnaosoma: watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina njia ya mtu asiye na mali. Deni liwe kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, usiwe na mali ya kuuza wala uwezo wa kulipa. Ukikubaliwa, baada ya miezi 12 unaondolewa madeni hayo. Nimeona majirani wakiuza vyombo vya nyumba kulipia mikopo ya simu bila kuisikia njia hii hata siku moja. Mshauri angetusaidia kwa hilo peke yake, kutuambia kilichoko kwenye sheria.

Hesabu Kwanza

Narudi kwenye mada: je, ushauri wa madeni unasaidia kweli? Wapo watafiti, Elliehausen, Lundquist na Staten, walichapisha mwaka 2007 baada ya kufuatilia wateja wa ushauri kwa miaka mitatu hapa Marekani. Waliopata ushauri walikuwa na rekodi bora kuliko wenzao, na waliofaidika zaidi ni walioanza na alama mbaya zaidi. Lakini wenyewe waliona pia kwamba sehemu ya tofauti inatokana na aina ya watu wanaoamua kutafuta ushauri. Aliyepiga simu tayari amebadilika kidogo. Nilikuja na mashaka kwenye huu uzi, na sasa nakubali kwamba ile namba ya 408 ina maana kwa mtu asiye na 552.

Mgeni Asiye na Jina

Samahani wakuu, nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Nipo Kentucky, nina watoto wawili, nafanya kazi ya kulea wazee saa 28 kwa wiki. Nadaiwa kadi dola 9,000 na hospitali dola 6,000 tangu nilipojifungua kwa upasuaji miezi mitano iliyopita. Baba wa watoto hayupo. Naogopa wakiniona wataniuliza karatasi zangu za uhamiaji. Je, niende?

Mwana wa Ukerewe

Dada, karibu, na pole sana. Nenda. Mimi waliniuliza mapato, matumizi na madeni, karatasi za uhamiaji hawakuzigusa. Unaweza kuwauliza hilo mapema kwa simu kabla hujataja jina.

Lakini deni la hospitali usiliweke kwenye mpango bado. Kama ni hospitali isiyo ya faida, sheria inawalazimu wawe na utaratibu wa kuwapunguzia au kuwafutia wenye kipato kidogo, na wanatakiwa kupokea ombi lako hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka. Wewe una miezi mitano. Wapigie kesho asubuhi, omba fomu ya msaada wa malipo. Usilipie bili hiyo kwa kadi, nakusihi.

Dereva wa Masafa

Dada, na mimi niongeze. Ukiambiwa kufilisika usiogope neno. Kwetu Kiswahili likitamkwa linasikika kama laana ya ukoo. Hapa ni fomu. Mimi nilifungua Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika mwaka 2018, kadi na bili za hospitali zikafutwa ndani ya miezi minne hivi. Itakaa kwenye ripoti yangu miaka 10, najua, na mikopo ya shule haifutwi kirahisi, matunzo ya watoto ndiyo hayafutwi kabisa. Lakini leo naendesha lori langu.

Na nikiri jambo ambalo sikulisema mwanzo. Tangu sheria ya 2005, huwezi kufungua shauri bila cheti cha ushauri wa madeni ulichopata ndani ya siku 180 kabla, kutoka kwa ofisi iliyoidhinishwa. Orodha ya hizo ofisi ipo kwenye tovuti ya Wizara ya Sheria. Nilikifanya kile kikao kwa hasira, kama muhuri tu. Yule mshauri ndiye aliyegundua kwamba nilikuwa nalipa bima mbili za lori moja.

Mgeni Asiye na Jina

Nimerudi wakuu. Hospitali wamenitumia fomu, nimejaza, nasubiri majibu.

Nimeongea pia na mshauri leo. Alinihesabia mara mbili. Akasema hata riba ikishuka hadi sifuri, kipato changu hakitoshi mpango wowote, na kuniandikisha kungekuwa kuninyang'anya chakula cha watoto. Amenipa namba ya ofisi ya msaada wa kisheria. Nililia kwenye simu, akasubiri. Sasa kuna ada ya mahakama, sijui nitaitoa wapi.

Dereva wa Masafa

Ni dola 338. Kama kipato chako hakifiki asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali, na wewe na watoto wawili kwa saa 28 naamini hakifiki, mwambie mwanasheria akujazie fomu ya kuomba usamehewe ada yote. Hakimu akikataa, omba kulipa kwa mafungu manne. Niandikie faraghani ukikwama kwenye fomu ya mali, ile ndiyo ndefu.